Jeni ya kimeng'enya cha serotonini kwenye panya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila muhula kutoka kwa wanafunzi wa baiolojia ya molekuli wanaojadiliana kwa Kiswahili hapa Uganda: Wakenya, Watanzania na Wakongo waliokuja kusoma Kampala na Mbarara, pamoja na Waganda wenyewe ambao sasa Kiswahili kimewafikia hadi darasani. Majibu yanafuata mpangilio wa mada. Kama una muda wa kusoma moja tu, soma la 6.

Kwenye ukurasa huu "panya mkubwa" ni *Rattus norvegicus* na "panya mdogo" ni *Mus musculus*. Wote wawili ni wa maabara.

## Misingi

1. Kimeng'enya kinachozungumziwa ni kipi?

Ni triptofani haidroksilesi, kwa kifupi TPH. Kinachukua triptofani, asidi amino tunayoipata kwenye chakula, na kuiongezea kikundi cha haidroksili kwenye kaboni ya tano. Kinachopatikana ni 5-haidroksitriptofani (5-HTP). Kimeng'enya kingine, kinachotegemea vitamini B6, kinaiondolea 5-HTP kikundi cha kaboksili, na hapo serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli, imeshapatikana.

Hatua hiyo ya pili huenda haraka, na kimeng'enya chake kipo kwa wingi kwenye tishu nyingi. Msongamano uko kwenye hatua ya kwanza, kwa hiyo TPH ndiyo inayoamua mwili utengeneze serotonini kiasi gani. Ili ifanye kazi inahitaji oksijeni, chuma, na kisaidizi kiitwacho tetrahaidrobiopterini (BH4).

TPH ina ndugu wawili: fenilalanini haidroksilesi na tairosini haidroksilesi. Zote tatu zinafanana sana katika sehemu inayofanya kazi ya kikemia, na undugu huo ndio uliorahisisha kuipata jeni yake (swali la 4).

2. Kukloni jeni ni sawa na kumtengeneza mnyama pacha, kama yule kondoo Dolly?

Hapana. Kwa Dolly, aliyezaliwa 1996, kilichonakiliwa ni mnyama mzima. Kwenye kukloni jeni unachukua kipande kimoja cha DNA, unakipachika kwenye plasmidi (duara dogo la DNA), unaiingiza plasmidi ndani ya bakteria, na bakteria anapozaliana anakuzalishia mamilioni ya nakala za kipande hicho. Hakuna panya anayezaliwa.

3. Kwa nini panya? Kwa nini watu hawakuanza na binadamu?

Kwa sababu tishu inayohitajika iko katikati ya ubongo, na hakuna anayekupa ubongo wa mtu ukiwa mbichi. Panya unaweza kuchukua tishu yake saa uliyoipanga na kuigandisha mara moja kabla mRNA (nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini) haijaharibika. Halafu kuna sababu ya pili, ambayo ilikuja kuonekana na thamani kubwa zaidi baadaye: kwa panya mdogo unaweza kuizima jeni na kuangalia nini kinabadilika.

## Ilivyopatikana

4. Nani aliikloni kwanza?

Inategemea unauliza mnyama gani. Kundi la Jacques Mallet nchini Ufaransa lilitoa mwaka 1986 taarifa ya kipande cha cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka mRNA, swali la 8) kutoka tezi ya pineali ya panya mkubwa, kilichofanana na jeni za wale ndugu wawili wa swali la 1. Mwaka 1987 maabara ya Savio Woo kule Marekani ilichapisha cDNA kamili ya sungura. (Sungura si jamii ya panya, lakini makala hiyo utaikuta kila mahali, basi ijue.) Mwaka 1988 kundi la Mallet likarudi na mfuatano kamili wa panya mkubwa: protini ya asidi amino 444, uzito wa kama kilodaltoni 51, ikitoka kwenye mRNA mbili tofauti.

Ya panya mdogo ilifuata 1990, safari hii kutoka kwenye seli za saratani ya seli za mast (seli za kinga ya mwili), na jeni ikaonekana iko kwenye kromosomu ya 7. Mwaka huohuo ikachapishwa ya binadamu.

5. Kwa nini tezi ya pineali? Serotonini si mambo ya ubongo?

Pineali hutengeneza melatonini, na melatonini hutoka kwenye serotonini. Kwa hiyo kitezi hicho, ambacho kwa panya mkubwa kina uzito wa takriban miligramu moja tu, kimejaa mRNA ya TPH. Mtu anayetafuta mRNA adimu huenda mahali inapopatikana kwa wingi. Seli za mast nazo zilichaguliwa kwa hoja hiyohiyo.

Hoja ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuja kwenye kile watu walichodhani baada ya hapo.

6. Nasikia "jeni ya serotonini" iliyokloniwa haikuwa ya ubongo. Ni kweli?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na hili ndilo jambo ambalo mwanafunzi hapaswi kuondoka hapa bila kulielewa.

Baada ya 1988 karibu kila mtu aliamini kuna jeni moja tu ya TPH. Mfuatano ulitoka kwenye pineali na seli za mast, na ukachukuliwa kuwa ndio huohuo unaotumika kwenye viini vya raphe, yaani sehemu ya shina la ubongo yenye neva za serotonini. Dalili za kutia shaka zilikuwepo. mRNA ya jeni hiyo ilikuwa nyingi mno kwenye pineali na kidogo mno kwenye raphe, ilhali raphe ilikuwa na kimeng'enya cha kutosha kabisa. Isitoshe, kimeng'enya kilichosafishwa kutoka kwenye ubongo hakikuwa na tabia sawa na kile cha seli za mast. Watu walitafuta maelezo: labda mRNA ya ubongo inasomwa kwa kasi zaidi, labda protini yake inadumu zaidi, labda inarekebishwa baada ya kutengenezwa. Yalikuwa maelezo ya akili, na yote yalilenga kuilinda dhana ya jeni moja.

Mwaka 2003 kundi la Michael Bader mjini Berlin lilichapisha matokeo ya panya wadogo waliozimwa jeni hiyo. Damu na utumbo wao vilibaki karibu bila serotonini. Ubongo wao ulikuwa na serotonini kama kawaida. Hapo hakukuwa tena na pa kukwepea: lazima kulikuwa na jeni nyingine. Kwa kuwa jenomu ya panya mdogo ilikuwa imeshachapishwa mwishoni mwa 2002, waliitafuta kwenye hifadhidata na kuipata. Ile ya zamani ikaitwa *Tph1*, hii mpya *Tph2*. *Tph2* ya panya mdogo iko kwenye kromosomu ya 10, protini yake ina asidi amino 488, na inafanana na TPH1 kwa takriban asilimia 70. Ndiyo inayofanya kazi kwenye raphe, na pia kwenye neva za ukuta wa utumbo.

Tangu mwaka 1988 hadi 2003 ni miaka 15. Katika miaka hiyo tafiti nyingi za msongo wa mawazo, kujiua na ulevi zilipima tofauti za jeni ya *TPH1* kwa binadamu, zikidhani zinapima serotonini ya ubongoni. Sisemi waandishi wake walikuwa wazembe. Kloni ilikuwa sahihi kila herufi. Kilichokosewa ni kuihamisha kutoka tishu moja hadi nyingine bila kuipima upya. Kwa hiyo ukisoma makala yoyote ya kabla ya 2003 inayoandika "TPH" bila namba, angalia kwanza RNA yao waliitoa kwenye tishu gani, ndipo usome matokeo.

7. Niandike TPH, TPH1, Tph1 au nini?

Jeni ya panya: *Tph1*, *Tph2*, herufi kubwa ya kwanza tu, kwa maandishi ya mlalo. Jeni ya binadamu: *TPH1*, *TPH2*, mlalo. Protini ya yeyote: TPH1, TPH2, wima. Wasahihishaji wa tasnifu hulikazania sana hili.

## Kwenye meza ya maabara

8. Zamani waliipataje bila PCR (njia ya kuzidisha kipande cha DNA kwenye mrija)?

Kwa kuchuja maktaba ya cDNA. Walitoa mRNA kwenye tishu, wakaigeuza kuwa DNA kwa rivasi transkriptesi (kimeng'enya kilichogunduliwa 1970), kisha wakaipachika kwenye faji, virusi vinavyoshambulia bakteria. Faji hizo zilimwagwa juu ya bakteria kwenye sahani za agari, na kila doa tupu lilibeba kipande kimoja tofauti cha cDNA. Nakala ya madoa ilichukuliwa kwa utando, na utando ukajaribiwa kwa kipande cha DNA chenye alama ya mionzi au kwa kingamwili. Doa lililojibu ndilo lililofuatwa.

Ukitaka kuelewa cDNA kwa haraka, fikiria vibanda vya kudurufu pale Wandegeya: jenomu ni kitabu kizima, mRNA ni kurasa alizotoa mwanafunzi mmoja kwa ajili ya mtihani wake, na cDNA ni nakala ya kurasa hizo. Ukiokota nakala za mwanafunzi wa sheria hutajua mwanafunzi wa udaktari anasoma nini, ingawa kitabu ni cha maktaba moja.

9. Leo nifanyeje hatua kwa hatua?

Amua kwanza unataka jeni ipi, maana tishu inafuata hapo. Kwa *Tph2*, kata shina la ubongo sehemu ya raphe. Kwa *Tph1*, pineali ya panya mkubwa ndiyo bora. Duodeni inapatikana kwa urahisi zaidi, lakini utumbo una vimeng'enya vingi vinavyokula RNA, kwa hiyo tishu iingie kwenye naitrojeni ya maji au kwenye dawa ya kuhifadhi RNA papo hapo, si baada ya kumaliza panya wote.

Toa RNA, tengeneza cDNA, kisha PCR kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) zinazoshika mwanzo na mwisho wa sehemu inayosomwa. Kwa TPH1 ya panya mkubwa tarajia besi 1335: asidi amino 444 mara tatu, ongeza kodoni (besi tatu) ya kusimamisha. Kwa TPH2 ya panya mdogo ni 1467. Ukiona mstari wa besi 900 kwenye jeli, usijipe moyo kwamba "huenda jeli imekimbia vibaya". Tumia polimeresi yenye usahihi mkubwa, kwa sababu polimeresi ya kawaida, Taq, huacha makosa, na kosa moja ndani ya sehemu ya kikemia linatosha kuua kimeng'enya.

Ukiweka alama za kukatia kwenye praima, mfano GAATTC ya EcoRI, hakikisha kwanza alama hiyo haipo katikati ya jeni yenyewe, na ongeza besi chache mbele yake, kwani kimeng'enya hakikati vizuri kwenye ncha kabisa. Unganisha kwa ligesi; uwiano wa vipande vitatu vya jeni kwa plasmidi moja huwa mwanzo mzuri. Ingiza kwenye *E. coli* kwa mshtuko wa nyuzi 42 usiozidi dakika moja, panda kwenye agari yenye ampisilini (antibiotiki inayoua bakteria wasio na plasmidi), acha nyuzi 37 usiku kucha.

Usiku kucha maana yake usiku kucha. Sahani ikiachwa kwenye inkubeta hadi Jumatatu utakuta kila koloni kubwa imezungukwa na vikoloni vidogo kama vumbi. Hivyo havina plasmidi: koloni kubwa imekula ampisilini iliyokuwa karibu yake, na vingine vimejiotea. Chukua koloni kubwa, kutoka katikati yake, kwa ncha safi.

Mwisho, soma mfuatano wote. Usomaji mmoja wa Sanger hukupa besi 700 hadi 900 za kuaminika, kwa hiyo soma kutoka ncha zote mbili, na kwa *Tph2* ongeza praima ya katikati. Sampuli kwa kawaida husafirishwa nje. Plasmidi haihitaji barafu, hata ikikaushwa kwenye karatasi ya chujio inafika salama.

10. Nimepata kloni sahihi, protini ipo, lakini haifanyi kazi. Kwa nini?

TPH ni kimeng'enya kinachojulikana kwa udhaifu: kinapoteza nguvu haraka nje ya seli, na kwenye *E. coli* hujikunja vibaya na kuganda kuwa mabonge. Punguza joto la kukuza hadi nyuzi 16 au 18 unapoamsha utengenezaji. Jaribu pia kukloni sehemu ya kikemia peke yake, bila kipande cha mwanzo cha udhibiti. Huyeyuka vizuri zaidi, na ndivyo walivyoweza kupata umbo la TPH1 ya binadamu kwa fuwele mwaka 2002.

Halafu angalia mchanganyiko wako wa kipimo. *E. coli* haitengenezi BH4, kwa hiyo lazima uiongeze mwenyewe, pamoja na chuma cha Fe²⁺ na katalesi ya kuondoa peroksidi. BH4 inaharibiwa na hewa. Iyeyushe dakika ileile unayoihitaji.

11. Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Uunganishaji wa ligesi hautaharibika, unaweza kuumalizia joto la chumba. Seli zilizotayarishwa kupokea plasmidi ndizo za kuhofia: zikipanda juu ya nyuzi 80 chini ya sifuri na kurudi, uwezo wao unashuka sana, na hazitakuonyesha dalili yoyote kwa macho. Zigawe kwenye mirija midogo, ziweke chini kabisa ya friza, na usifungue mlango hadi jenereta iwake. Kloni zako zihifadhi sehemu mbili: bakteria kwenye gliseroli, na plasmidi kavu kwenye droo. Droo haijui kukatika kwa umeme.

## Vibali na wanyama

12. Nahitaji kibali kufanya kazi hii Uganda?

Ndiyo, na anza mapema. Kuna kamati ya maadili ya chuo kwa upande wa wanyama, kamati ya usalama wa kibaiolojia ya taasisi kwa upande wa DNA iliyounganishwa, kisha usajili wa utafiti kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Ukipokea plasmidi kutoka nje, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli unaosainiwa na chuo; sahihi ya msimamizi wako peke yake haitoshi.

Watu huuliza kuhusu ule mswada wa uhandisi jeni. Bunge liliupitisha 2017, Rais akaurudisha. Ukapitishwa tena 2018 kwa jina jingine, na tena hakuusaini. Lakini kazi ya ndani ya maabara iliyofungwa iliendelea chini ya UNCST, kama ambavyo majaribio ya migomba kule Kawanda yalivyoendelea.

13. Panya wa nyumbani hawezi kutumika? Mbona wamejaa?

Usifanye hivyo. Hujui ukoo wake, umri wake wala alichokula, na panya wa mitaani hubeba magonjwa. Wilaya za West Nile kama Arua na Zombo zina historia ya tauni. Soma pia swali la 15 uone ukoo unavyoweza kubadilisha majibu yako.

14. Ni lazima kuua panya?

Siku hizi mara nyingi si lazima. Mfuatano unajulikana, na kampuni zinaweza kukutengenezea DNA nzima ya besi 1335 au kukuuzia kloni iliyo tayari. Kama swali lako ni kuhusu protini, agiza. Ua mnyama pale tu unapouliza jambo ambalo liko ndani ya tishu: kiasi cha mRNA, saa ya siku, athari ya dawa. Kamati ya maadili itakuuliza hilohilo, na "ndivyo mwongozo wa zamani ulivyosema" si jibu.

## Maswali yenye utata

15. Panya wangu wa BALB/c wana serotonini pungufu kuliko wa C57BL/6. Nimekosea?

Huenda hujakosea. Mwaka 2004 ilichapishwa kwamba panya wadogo wa koo za BALB/c na DBA/2 wana herufi G mahali ambapo C57BL/6 wana C kwenye *Tph2*, tofauti inayoitwa C1473G. Inabadilisha prolini ya 447 kuwa arginini na kupunguza kazi ya kimeng'enya.

Hapa kuna mtego. Ukihesabu kutoka ATG, kodoni ya kuanzia, kodoni ya 447 inaishia kwenye besi ya 1341, siyo 1473. Namba 1473 inahesabu pia sehemu ya mwanzo ya cDNA isiyosomwa. Wengi wamekodolea mfuatano wao mahali pasipo na kitu.

16. Panya asiye na *Tph2* anaishi?

Anaishi, jambo lililowashangaza wengi. Ubongo wake unakosa serotonini karibu yote, anakua polepole, vifo vya vichanga ni vingi, na majike hulea watoto wao vibaya. Lakini ubongo unajijenga na mnyama anafika utu uzima.

17. Matoke yana serotonini. Basi yanaongeza serotonini ya ubongo?

Ndizi na matoke kweli zina serotonini. Lakini inayoliwa huvunjwavunjwa utumbo na ini, na inayobaki haipiti kizuizi kati ya damu na ubongo. Serotonini ya ubongo lazima itengenezwe ubongoni, na TPH2 ya hapohapo. Kinachovuka ni triptofani.

Swali hili lina historia yake hapa kwetu. J. N. P. Davies alieleza akiwa Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1940, ugonjwa wa moyo kukakamaa kwa ndani, na baadaye wapo waliodhani serotonini ya matoke ndiyo chanzo, kwa kuwa uvimbe unaotoa serotonini nao hudhuru moyo. Dhana hiyo haikusimama. Uvimbe ule hudhuru zaidi upande wa kulia, ilhali ugonjwa wa Davies hushika pande zote. Linalobaki kweli ni dogo: mgonjwa anayepimwa mkojo kutafuta uvimbe huo huambiwa aache ndizi kabla ya kipimo, la sivyo majibu yatapanda bure. Kwa mlaji wa matoke asubuhi na jioni, daktari asiposema hivyo ni tatizo.

18. Kwa hiyo *TPH2* ndiyo jeni ya sonona?

Hapana. Hakuna jeni moja ya sonona. Mtu mwenye shida aende kwenye kituo cha afya au hospitali ya akili ya Butabika. Kipimo cha jeni hii hakitamsaidia kitu.

19. Kuna dawa zinazozuia TPH?

Ya zamani ni PCPA, inayotumika kwa wanyama wa utafiti tangu miaka ya 1960, na inazuia zote mbili. Ya hospitalini ni telotristati, iliyoidhinishwa Marekani 2017 kwa kuharisha kunakoletwa na uvimbe uliotajwa kwenye swali la 17. Imetengenezwa isiingie ubongoni kwa urahisi, ili ipunguze kazi ya TPH1 ya utumbo na kuiacha TPH2. Wazo hilo lisingeeleweka kabla ya 2003.

20. Praima za panya mkubwa zinafaa kwa panya mdogo?

Wakati mwingine, ila usibahatishe. Mifuatano inakaribiana lakini si sawa: TPH1 ya panya mdogo ina asidi amino 447, tatu zaidi. Linganisha ncha ya 3' ya kila praima na mfuatano wa mnyama wako. Besi mbili za mwisho zikipishana, agiza nyingine. Na hakikisha kwamba hazishiki *Tph1* na *Tph2* kwa pamoja, hasa kama umeziweka kwenye sehemu ya kikemia, ambako jeni hizi hufanana zaidi.